Sifuri kwa Sifuri, Mpaka Hatua ya 130

Mchezo wa sita wa ubingwa wa dunia wa sataranji kati ya bingwa Magnus Carlsen na mpinzani wake Ian Nepomniachtchi ulianza saa tisa na nusu alasiri kwa saa zetu, Ijumaa ya tarehe 3 Desemba 2021. Ulipokwisha ilikuwa yapata saa tano na robo usiku, na kule Dubai ulikochezwa tarehe ilikuwa imeshageuka. Hatua 136, saa saba na dakika 45. Katika historia yote ya ubingwa wa dunia hakuna mchezo uliowahi kufika huko. Rekodi ya nyuma ilikuwa hatua 124, Baguio, Ufilipino, mwaka 1978, Korchnoi na Karpov, nao uliishia sare baada ya mfalme kukosa pa kukanyaga.

Nimeshasoma uchambuzi mwingi wa mchezo huu, na karibu wote unawahusu wale wawili waliokaa mezani. Mimi nataka kuwasema waliokuwa wanatazama, maana nilikuwa mmoja wao, na naamini usiku ule ulituumbua sisi kuliko ulivyowaumbua wachezaji.

Sisi ni kundi dogo la wapenzi wa sataranji, wengi tuko Dar na Tanga, mmoja yuko Mombasa, mmoja anafanya kazi Dubai. Yumo mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye sote tunamwita Mwalimu tu, na yumo kijana wa kompyuta ambaye hawezi kutazama mchezo bila injini, yaani programu inayopiga hesabu ya kila hatua, kuwaka pembeni. Ukiwaweka hao wawili kwenye kundi moja la WhatsApp siku ya ubingwa, huhitaji burudani nyingine. Yule wa Dubai alikuwa mapumzikoni. Wenyeji wake walikuwa wametoka kusherehekea miaka 50 ya taifa lao siku moja kabla, na Ijumaa wakati ule ilikuwa siku ya mapumziko huko. Alitutumia picha ya foleni ya kuingia kwenye maonyesho ya Expo, ambako ubingwa ulikuwa unachezwa ndani ya ukumbi wa maonyesho, halafu akasema watu wote hao wamefuata mabanda ya nchi, hakuna anayejua kwamba humo ndani kuna watu wawili wanataka kuuana.

Hali ilikuwa hivi. Michezo mitano ya mwanzo yote ilikuwa sare. Tena si mitano tu. Tangu Carlsen amfunge Karjakin kule New York, Novemba 2016, hakuna aliyekuwa ameshinda hata mchezo mmoja wa saa ndefu kwenye ubingwa wa dunia. Miwili ya mwisho ya 2016 sare, yote 12 ya London 2018 dhidi ya Caruana sare, mitano ya Dubai sare. Jumla 19. Kwa hiyo siku ile ilianza na ule ugomvi wa kila siku: sataranji imekufa, mashine zimeiua, hawa mabwana wanakariri hatua 20 nyumbani kisha wanakuja kupeana mikono. Kijana wa injini ndiye aliyekuwa kinara wa hoja hiyo. Mwalimu akamjibu, "Mwanangu, sare nayo ni kazi. Siku ukipata sare na mimi utajua."

Kwenye hatua ya 25 Nepomniachtchi alileta ngome yake kumkabili malkia wa Carlsen, na Carlsen, aliyekuwa na kete nyeupe, akakubali kumtoa malkia huyo kwa ngome mbili. Hapo ndipo kundi lilipoamka. Kwa hesabu tunazofundishwa tukiwa wadogo, malkia ni tisa, ngome ni tano, kwa hiyo ngome mbili ni kumi, na mweupe amepata faida ya moja. Lakini hesabu hiyo ni ya kitabuni. Malkia akiwa na uwanja mpana na mfalme wa kumsumbua, anaweza kuzizungusha ngome mbili mpaka zisijue zinalinda nini. Ngome nazo zikishikana, hakuna askari wa malkia atakayebaki. Mwalimu alichukua upande wa ngome. Yule wa Mombasa alichukua malkia, na alikuwa na sababu nzuri: mweusi alikuwa na askofu aliyekaa pazuri na askari anayebana upande wa kushoto. Kijana wa injini akaandika tu: "Iko sawa." Halafu akatuma picha ya ule upau mweusi na mweupe unaoonyesha nani yuko mbele. Upau ulikuwa umegawanyika nusu kwa nusu.

Sasa tuseme kidogo kuhusu upau huu, kwa kuwa ndio mashitaka yangu. Zamani ukitaka kujua nani anashinda ilibidi ufikiri, au umwulize aliyekuzidi. Leo injini inayopatikana bure kwenye simu ya kawaida inamzidi bingwa wa dunia kwa mbali, na kila tovuti inayorusha mchezo inaubandika upau huo kando ya ubao. Mtu anayejua tu kwamba farasi anaruka anaweza kumwambia bingwa wa dunia kwamba kachemsha, tena kwa uhakika kuliko mkufunzi wa bingwa huyo aliyezuiwa kugusa kompyuta. Ukitaka kuona tulivyoharibika, nenda kwenye kijiwe cha drafti popote Kariakoo. Pale watazamaji ni wakorofi kuliko wachezaji: wanaguna, wanacheka, wanamwambia mzee wa watu "umeliwa" kabla kisoda hakijaguswa. Lakini anayeguna pale anaguna kwa akili yake, na akikosea anaitwa kwenye benchi akae acheze. Sisi wa injini tunaguna kwa akili ya kuazima, na hakuna wa kutuita benchi.

Baada ya hatua ya 30 wote wawili walianza kuishiwa muda. Kwa sheria za mwaka ule walikuwa na saa mbili kwa hatua 40 za kwanza, na hapakuwa na sekunde za nyongeza mpaka hatua ya 61. Nimeona wachezaji wa klabu wakitetemeka mikono kwa hali hiyo, na hawa nao ni watu. Hatua ya 33 Carlsen angerudisha ngome yake ya mbele c2 (herufi na namba ni jina la mraba ubaoni), zote mbili zikashikana, na mweusi angekuwa taabani. Akaipeleka ile nyingine d1. Upau ukaruka kisha ukarudi. Hatua ya 38 ikawa zamu ya Nepomniachtchi: askofu wake angeweza kumla askari wa b4. Hakumla. Upau ukaruka upande wa pili. Kwenye simu yangu ujumbe uliingia kama mvua ya vuli. "Haoni?" "Bingwa wa dunia huyu?" "Hata mimi ningekula." Hapo Mwalimu, ambaye alikuwa anafuata mchezo kwa ubao wa mbao mezani kwake na kusogeza kete kwa mkono, akauliza swali moja ambalo halikujibiwa: "Aliyeona c2 kabla mashine haijamwonyesha anyooshe kidole."

Nilikuwa nafuata kwa namna mbili. Kwenye kompyuta nilifungua matangazo rasmi, ambako Viswanathan Anand, bingwa wa zamani aliyevuliwa taji na Carlsen huyu huyu mwaka 2013, alikuwa anachambua pamoja na Anna Muzychuk. Anand ana namna ya kuzungumza inayoniponya. Hasemi "amekosea." Anasema mchezaji huenda anaogopa nini, na kwa nini hofu hiyo ni ya haki. Bando lilipoanza kunitisha nilizima video nikabaki na ubao mtupu wa tovuti, ule unaosogeza hatua tu bila sauti wala sura. Unakula data kidogo mno, na nakwambia kuna raha yake: kete haisogei, haisogei, haisogei, na wewe umekaa na nafasi ile ile dakika kumi, mpaka unaanza kuielewa.

Saa ya chakula cha usiku ikapita. Hatua ya 40 ikapita salama, muda ukaongezwa, na wengi wakatangaza sare. Mmoja aliaga kabisa, akasema anaenda kulala, tuonane mchezo wa saba. Upau ulikuwa umetulia katikati na injini inaandika sifuri, yaani hakuna aliye mbele, au kitu kilicho jirani na sifuri. Ila kuna jambo ambalo upau hauandiki. Ngome mbili na farasi wa Carlsen zilikuwa zinalindana, na mfalme wake amekaa nyuma ya ukuta. Angeweza kusogea mbele, kurudi, kujaribu huku, kujaribu kule, bila kuhatarisha chochote. Nepomniachtchi kila hatua alikuwa na jambo la kujibu. Mashine huhesabu kwamba jibu lipo. Haihesabu kwamba jibu linatakiwa kupatikana mara 60 mfululizo na mtu aliyekaa kwenye kiti tangu alasiri.

Hiyo ndiyo hoja ambayo Mwalimu aliishika usiku kucha, na ndiyo ninayoishika mimi mpaka leo: sifuri ya mashine na sifuri ya binadamu si sifuri moja. Kijana hakukubali. Kwake yeye sare ni sare. Kama nafasi ni sare na mtu akapoteza, basi kakosea, na kosa ni kosa, huruma ya nini? Nakiri kwamba hoja yake ina uzito, maana michezo yote inahesabu hivyo. Mshambuliaji akikosa penalti hatuulizi amekimbia kilomita ngapi. Lakini mpira hauna upau unaomwambia shabiki, kabla penalti haijapigwa, kwamba pembe ya kushoto ndiyo sahihi.

Hatua ya 80 Carlsen alitoa ngome moja kwa kumla askari wa f7, na hatua mbili baadaye ngome ya pili ikamla askofu. Tukabaki na picha isiyo ya kawaida: mweupe ana ngome, farasi na askari waliosimama bega kwa bega, mweusi ana malkia na askari mmoja pembeni. Aliyeaga akarudi, akakuta ujumbe zaidi ya mia. "Bado wanacheza?" Bado wanacheza.

Kwa saa nzima na zaidi ngome na farasi vilicheza ngoma ya taratibu kuzunguka ubao. Ukitaka kujua subira ni nini, zipitie hatua za 83 mpaka 110 moja moja. Ngome inakwenda a1, a2, a6, d6, d5, d2, e2, c2. Farasi anakwenda d4, anarudi f3, anaruka g5, e6, anarudi tena d4. Malkia mweusi anarukaruka b1, h1, b1, h1. Mtu asiyejua angesema wanapoteza muda. Ukweli ni kwamba mweupe alikuwa anatafuta mpangilio mmoja tu, ambao kila kipande kinamlinda mwenzake na mfalme hapati shaha (tishio la moja kwa moja kwa mfalme) ya bure, ili hatimaye askari wa e apande hatua moja. Alipanda hatua ya 110. Hatua ya 113 Nepomniachtchi akamtoa sadaka askari wake wa mwisho ili malkia apate nafasi ya kupumua, na hatua ya 115 malkia akamla askari wa mweupe pembeni. Kete zikabaki saba ubaoni: mfalme, ngome, farasi na askari wawili dhidi ya mfalme na malkia.

Saba ni namba yenye maana. Nafasi zote za sataranji zenye kete saba au pungufu zimeshapigiwa hesabu mpaka mwisho kabisa. Kazi hiyo ilikamilishwa mara ya kwanza mwaka 2012 kwa kompyuta kubwa ya Chuo Kikuu cha Moscow, ile ya Lomonosov. Hapo hakuna tena makadirio ya injini, hakuna "inaonekana." Unaingiza nafasi, unapewa hukumu: ushindi, sare au kipigo, na hatua gani inafikisha wapi. Kwa hiyo kuanzia hatua ya 115 kila mtazamaji duniani mwenye simu alikuwa anajua hukumu ambayo watu wawili tu hawakuijua, na hao wawili ndio waliokuwa wanacheza. Hukumu ilisema sare.

Kijana wa injini akashangilia. "Imeisha. Ni sare kihesabu. Tulale." Na kwa kweli wengine walilala, nami siwalaumu, kwa kuwa aliyesema hakusema uongo. Yule wa Dubai, ambaye kwake ilikuwa inakaribia usiku wa manane, akaandika, "Shekhe, mwenye hukumu hajamwambia Nepo."

Wote wawili walikuwa wanaishi kwa dakika chache na zile sekunde 30 zinazoongezwa kila hatua. Mwalimu aliacha kuandika kabisa. Baadaye alituambia alikuwa amesimama, ubao uko mezani, kila hatua anajiuliza yeye angempeleka malkia wapi, na mara nyingi jibu lake lilikuwa la kupoteza.

Hatua ya 129 askari wa e akapanda mpaka e5. Malkia akatoa shaha kutoka a2, mfalme akasogea h3. Sasa tazama vizuri, maana mchezo wote uko hapa. Ngome nyeupe iko f5, farasi g3, askari wako e5 na f4. Mfalme mweusi yuko e8, amewakalia mbele. Malkia anatakiwa abaki mbali, nyuma ya hao askari, ili aendelee kumsumbua mfalme kwa shaha za mbali kila anapojaribu kutoka. Badala yake Nepomniachtchi akamleta e6, uso kwa uso na askari, amzuie kwa kifua. Macho ya binadamu aliyechoka yanaona hiyo ndiyo hatua ya busara: adui anakuja, simama mlangoni. Lakini malkia aliyesimama pale hana tena shaha ya maana. Mfalme mweupe akatoka h4, malkia akatoa shaha kutoka h6, farasi akajiweka h5 kukinga, na mlango ukafungwa. Askari akaingia e6. Zikafuata hatua tatu tu. Farasi alipotua g7, hatua ya 136, Nepomniachtchi akakubali.

Kilichotokea kwenye simu zetu ni hiki: upau uliruka wote mara tu malkia alipogusa e6. Tulijua kabla Carlsen hajainua mkono. Kijana akaandika "BLANDA!!!", yaani kosa la kutisha, kwa herufi kubwa. Akafuata mwingine na kicheko, mwingine na "huyu wa kucheza ubingwa?" Nami, pamoja na mashitaka yangu yote, siwezi kukataa kwamba zile sekunde kati ya hatua ya 130 na mfalme kwenda h4 zilikuwa tamu kuliko zote za mchezo ule, na nilizipata kwa sababu ya mashine. Bila hiyo hukumu ya kete saba, nisingejua kwamba mlango umefunguka. Ningeona malkia tu amekuja mbele, ningesema sawa. Mwalimu peke yake ndiye aliyeikosa shangwe hiyo. Aliielewa hatua hiyo dakika kadhaa baadaye, ubaoni, na alipoielewa alituma neno moja tu: "Aisee." Sijui nani kati yetu alikula kilicho bora.

Kilichofuata kinajulikana. Mchezo wa saba, kesho yake, sare. Wa nane Nepomniachtchi akapoteza askari kwa hatua ambayo mchezaji wa kiwango chake haifanyi. Wa tisa akamfungia askofu wake mwenyewe ndani kwa kusukuma askari c5. Wa 11 ukamaliza kazi, 7.5 kwa 3.5, ikiwa imebaki michezo mitatu ambayo haikuhitajika. Kundini kwetu bado tunabishana kama mchezo wa sita ndio uliomvunja. Mimi nasema ndio, na hata Kijana siku hizi anakubali, ingawa anakubali kwa namna yake: anasema usiku ule ulimtoa "betri." Ukimbana kwamba betri haikuwepo kwenye upau, anabadilisha mazungumzo.

Tulitoka na sheria moja. Anayetaka kuwasha injini awashe, lakini haruhusiwi kuandika kitu kundini mpaka mchezaji aliyeko mezani awe ameshasogeza. Na kabla ya kumwita mtu mjinga, uandike kwanza wewe ungecheza nini. Sheria hiyo imefanya maajabu. Watu wanakisia, wanabishana kuhusu farasi na ngome badala ya namba, na wanapokosea wanataniwa kwa haki. Mwaka 2023, Ding Liren na Nepomniachtchi walipochapana kugombea taji kule Astana, tulikuwa na wiki tatu nzuri kuliko nilizowahi kuwa nazo na sataranji.

Ikaja Singapore, tarehe 12 Desemba 2024, mchezo wa 14 na wa mwisho, Ding, sasa akiwa bingwa, na mpinzani wake Gukesh wa India wakiwa 6.5 kwa 6.5. Ilikuwa mchana kwetu, watu wako makazini wanachungulia simu chini ya meza. Nafasi ilikuwa inaelekea sare iliyo wazi, Gukesh ana askari mmoja zaidi anayeng'ang'ana naye, na yule wa Mombasa alikuwa ameshaandika kwamba kesho tutatazama michezo ya saa fupi ya kuvunja sare. Hatua ya 55 Ding akarudisha ngome f2. Ngome zinabadilishana, halafu maaskofu wanalazimishwa nao kubadilishana, na askari wanaobaki wanampa mweusi ushindi ambao mtoto wa klabu anaweza kuumaliza. Gukesh, miaka 18, aliandika hatua hiyo kwenye karatasi yake bila kushtuka, kisha akaangalia tena. Ilimchukua muda kidogo kuamini.

Sheria yetu haikustahimili muda huo. Ujumbe wa kwanza uliingia kabla hajagusa ngome, wenye herufi kubwa na alama za mshangao nyingi kuliko nilizowahi kuziona. Niliangalia jina la aliyetuma nikidhani ni Kijana. Alikuwa Mwalimu. Ameliona mwenyewe, ubaoni, bila mashine, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha sheria.